Butembo: baki ya mteja inayolala dukani ni deni, si faida

Butembo, mji wa biashara katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, bei ya vitu vingi inatajwa kwa dola, na baki inatafutwa kwa franga. Tuseme mteja ananunua mifuko 20 ya simenti, dola 14 kila mfuko. Jumla ni dola 280. Anatoa noti tatu za 100. Muuzaji hana dola 20 za kurudisha, na noti za dola 1 watu wengi wanazikataa. Mteja anaambiwa arudi kesho.

Jioni, kasa ina dola 300. Kosa linaanzia hapo, kwani wako wanaoandika kwamba wameuza za 300.

Sheria ya uhasibu ya OHADA, ambayo DRC ni mwanachama wake tangu 2012, inaona vingine. Mauzo ni 280, na TVA ya asilimia 16 inahesabiwa kwa mauzo hayo, si kwa pesa yote iliyoingia. Zile 20 zinabaki katika konti ya mteja, namba 411, upande wa kredi. Wakati wa kufunga mwaka zinapelekwa kwenye konti 419, ya wateja wanaolidai duka, na zinaonekana pamoja na madeni mengine.

Wengine wanapenda njia ya mkato. Mteja wa pili ana deni la dola 500. Wanatoa 20 za yule wa kwanza na kuandika 480. Hairuhusiwi. Kama ni mteja yuleyule amerudi kununua tena, hapo sawa, baki yake inapunguza bei ya mzigo mpya.

Na asiporudi? Kwa sheria ya biashara ya OHADA, deni la namna hiyo linakufa baada ya miaka 5. Kabla ya hapo yeye anaweza kudai, hata warithi wake. Ni wachache watakaosumbuka kwa dola 20, lakini depo yenye wateja mia wa namna hiyo imeshika dola 2.000 za watu.

Ugomvi mkubwa unatoka kwenye daftari lenyewe. Muuzaji anaandika "20" bila kusema ni dola, kisha siku ya kulipa anatoa franga kwa kiwango kinachomfaa yeye. Risiti inapaswa kutaja dola, tarehe na kiasi kilichobaki, na mteja aondoke na kopi yake.