Urais wa zamu? Waulizeni Wakomoro

Kila uchaguzi ukikaribia lazima mtu aseme: "Si tupeane tu urais kwa zamu, kila upande uonje?" Wengi hucheka, lakini wazo si la kuchekwa. Kuna majirani zetu wa bahari waliliandika kwenye katiba kabisa. Shukeni na huu uzi.

Komoro ina visiwa vitatu: Ngazija, Anzuani na Mwali. (Cha nne, Mayotte, kilibaki na Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru 1975. Hiyo ni stori ya siku nyingine.) Mapinduzi yalikuwa hayaishi, na 1997 Anzuani ikatangaza kujitenga, watu wakilalamika kwamba kila kitu kinaishia Moroni. Dawa iliyokuja na katiba ya 2001: urais uzunguke, kila kisiwa miaka 4.

Sasa hapa ndipo penye akili. Raundi ya kwanza ilipigwa kwenye kisiwa chenye zamu peke yake. Watatu wa juu wakaenda raundi ya pili, na hiyo ilipigwa na nchi nzima. Yaani huwezi kushinda kwa kelele za nyumbani tu. Lazima uvuke maji ukaombe kura kwa wenzako.

Fikiria Mwali. Haina hata sehemu moja kwa kumi ya watu wote. Kwa siasa za "sisi tuko wangapi" wangengoja milele. Lakini Disemba 2010 nchi nzima ilichagua rais kutoka Mwali.

Si ati walipewa kwa ulaini. Kura ya maoni ya 2009 ilirefusha muhula hadi miaka 5, na aliyekuwa kitini wakati huo alitoka Anzuani. Mwali wakaona zamu yao inasogezwa hivi hivi, wakaja juu. Mei 2010 Mahakama ya Katiba ikasema nyongeza ile si halali. Bila mahakama hiyo, sijui kama wangeiona 2010.

Songa hadi 2018. Zamu ni ya Ngazija. Aprili, kazi za Mahakama ya Katiba zinahamishiwa Mahakama ya Juu kwa amri ya rais. Julai, kura ya maoni: rais sasa anaweza kukaa mihula miwili mfululizo, miaka 5 mara mbili, ndipo kisiwa kingine kipate. Upinzani ukasusia. Oktoba risasi zikalia Mutsamudu, Anzuani, kati ya jeshi na watu wenye silaha.

Kwa hivyo, mdau akikuambia katiba yetu iache hesabu ya nusu ya kura na asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, tuingie zamu, usimbishie haraka. Muulize kwanza: aliye kitini akitaka kurefusha zamu yake, nani atamzuia?

Zamu Komoro haikufutwa, bado iko kwenye karatasi. Anzuani walitarajia yao 2021. Kwa hesabu mpya, ni 2029.