Siku za Rufani Zikipita

Mtu aliyeshindwa kortini mara nyingi hudhani kwamba siku za rufani zikiisha, shauri lake limekufa. Sivyo hivyo. Katika Kenya, kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai chatoa siku 30 za kupeleka rufani Mahakama Kuu tangu hakimu alipotoa amri yake. (Katika kesi za jinai ni siku 14 tu.) Siku zilizotumika kutayarisha nakala ya amri hazihesabiwi, korti ya chini ikizithibitisha, basi yafaa nakala iombwe mapema, tena kwa maandishi.

Aliyepitwa na siku hizo aweza kuomba rufani yake ipokewe ingawa imechelewa. Huandika ombi pamoja na kiapo chenye kueleza sababu, na sababu ndiyo roho ya ombi. Aliyelazwa hospitali alete barua ya daktari. Kusema tu kwamba alisahau ni kazi bure.

Mwaka 2014, katika shauri la Nicholas Salat na Tume ya Uchaguzi, Mahakama ya Juu ilieleza ya kuwa kuongezewa muda si haki ya mtu, bali ni hiari ya korti. Korti hutazama pia kama mshindi ataumia, na kama ombi lenyewe limeletwa bila kukawia.

Jambo moja huwaponza wengi: ombi hili peke yake halizuii hukumu kutekelezwa. Mali ya mshindwa, hata ng'ombe, yaweza kukamatwa mpaka apate amri ya kusimamisha utekelezaji, nayo mwombaji huitolea dhamana.