MZABIBU MKONGWE NA SOKO LAKE

Katika ziara ya ukaguzi, mjumbe mmoja wa kamati huko Kasanda aliniuliza kama nasi tunaweza kupanda mizabibu na kutengeneza mvinyo mwekundu kama ndugu zetu wa Dodoma. Swali hilo lastahili jibu kamili kwa vyama vyote.

Mizabibu ilipandwa na wamisionari huko Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950. Nchi ile ni kavu, na ukavu huo hupunguza ukungu wa majani na vichala. Kwa kumwagilia na kupogoa, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Huku kwetu mvua ni nyingi, na ukungu ungetutia gharama kubwa ya dawa.

Mzabibu huanza kuzaa kiasi cha kuridhisha mnamo mwaka wa tatu, nao huishi maisha marefu. Mjini Maribor, nchini Slovenia, uko mzabibu wenye umri unaozidi miaka 400 ambao ungali unazaa. Mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache, lakini watengenezaji wengi husifu ladha ya zabibu zake. Kwa hiyo ni mali ya kurithiwa.

Kazi ya mvinyo yenyewe haina siri. Zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, kwa kuwa wekundu hutoka katika maganda. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa kileo cha asilimia moja. Maganda yanayoelea husukumwa chini kila siku. Baada ya wiki moja au mbili mvinyo hukamuliwa na kutiwa katika pipa lililojaa na kufungwa barabara, kwani hewa ikiingia mvinyo hugeuka siki.

Shida kubwa ni soko. Kahawa iliyokauka vizuri hungoja ghalani; zabibu iliyochumwa huharibika baada ya siku chache. Kiwanda cha umma cha mvinyo cha Dodoma kiliposimama katika miaka ya 1990, wakulima wengi walikosa mnunuzi. Akosaye pipa wala mkataba hulazimika kupokea bei yoyote, na anayeng'oa mzabibu wa miaka 30 kwa hasira ya msimu mmoja hawezi kuurudisha.

Ndugu wanachama, mzabibu tuwaachie wenye nchi kavu, bali funzo lake tulichukue. Ndizi zetu mbivu nazo hazingoji. Chama kinachotaka kusindika ndizi kwanza kipate mnunuzi kwa mkataba ulioandikwa, kisha vyombo safi na leseni, na mwisho daftari la kuonyesha kila mkungu uliopokelewa na malipo yake. Mambo hayo yakikamilika, ndipo mkutano mkuu uamue kutoa fedha za wanachama.