Piémontaise: Meli ya Ufaransa Iliyopiga Waingereza Ngeta Bahari ya Hindi Hadi Arobaini Yake Ikafika

Kama ulidhani kupiga watu ngeta ni mambo ya vichochoro vya mtaa pekee, kaa hapo upate stori ya Piémontaise. Hii ilikuwa manowari ya tanga ya Ufaransa, mizinga kama 40, iliyoshushwa majini Saint-Malo mwaka wa 1804.

Wakati huo Napoleon alikuwa vitani na Uingereza, na mwaka wa 1805 jeshi lake la majini likachapwa vibaya kule Trafalgar. Sasa ufanyeje na jamaa aliyekushinda ngumi? Unamgonga mfukoni. Doo ya Waingereza ilikuwa inaelea Bahari ya Hindi, kwa meli za kampuni ya East India zilizobeba chai, hariri na bidhaa zingine kutoka Uchina na India.

Piémontaise, chini ya nahodha Jacques Epron, ilikuwa na maskani Mauritius, kisiwa kilichokuwa bado cha Wafaransa. Kazi yake ilikuwa kuvizia njia za biashara, kushika meli iliyo solo, kisha kuipeleka kisiwani na mzigo wote. Na usiite huo uharamia. Vitani, mali ya adui ilikuwa halali.

Windo kubwa lilijipa tarehe 21 Juni 1806. Warren Hastings, iliyokuwa ikitoka Uchina bila msindikizaji, ilipigana kwa masaa kabla ya kusalimu amri. Halafu meli hizo mbili zikagongana. Luteni Charles Moreau akadai nahodha Larkins alifanya makusudi, akamdunga kisu ilhali jamaa alikuwa ameshajisalimisha! Larkins alipona, lakini Waingereza hawakusahau.

Shida ya hii biashara ni moja: unafaa kumpata mnyonge na uhepe kabla karao hajafika. Machi 1808, karibu na ncha ya kusini ya India, Piémontaise ilikuwa ikinyemelea meli tatu za biashara. Kumbe manowari ya Uingereza, San Fiorenzo, ilikuwa karibu.

Hapo kikaumana. Walifukuzana na kupigana kwa siku tatu. Tarehe 8, nahodha wa Waingereza, George Hardinge, aliuawa, lakini watu wake hawakulegeza. Wafaransa, karibu 50 kati yao wakiwa maiti, wakashusha bendera. Moreau pia hakutoka hai.

Sasa cheki hii: San Fiorenzo yenyewe ilikuwa meli ya Wafaransa, Minerve, iliyochukuliwa na Waingereza huko Corsica mwaka wa 1794. Piémontaise nayo ikahamishwa timu vivyo hivyo. Mwaka wa 1810 ilikuwa inapeperusha bendera ya Uingereza, ikisaidia kuteka visiwa vya Banda kutoka kwa Waholanzi. Desemba mwaka huo huo, Mauritius nayo ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na maskani ikafungwa.