Hekalu Lenye Sahihi za Mafundi

Historia ina desturi moja ambayo wafanyakazi hatuna budi kuitazama kwa macho makavu. Ikilitaja jengo kubwa, humtaja mfalme aliyeamuru lijengwe na tajiri aliyetoa fedha. Lakini yule aliyelichonga jiwe na kulipandisha mahali pake husahauliwa mara kazi inapokwisha. Desturi hiyo imeenea mno, hata watu wengi hudhani kwamba haikupata kuwa vingine. Yupo shahidi wa kuikanusha dhana hiyo, naye ni hekalu la kale la Wahindu katika kijiji cha Somanathapura, kusini mwa India.

Kijiji hicho kimo katika jimbo la Karnataka, kiasi cha kilomita 35 kutoka mji wa Mysore. Wageni wengi wafikao Mysore hutosheka na jumba la wafalme wa mji huo. Nao wapendao mahekalu ya kale huelekea Belur na Halebidu, ambako sifa zimetangulia. Sisi tulishika njia ya Bannur kwa basi la asubuhi, pamoja na wakulima na vikapu vyao, na kutoka Bannur tukapanda bajaji. Huku na huku yalikuwapo mashamba ya mpunga na miwa, yanyweshwayo kwa maji ya mto Kaveri. Hata tulipofika hatukuona mnara mrefu wala umati wa watu, ila nyumba za wakulima, mti wenye kivuli, na ukuta wa mawe.

Ndani ya ukuta huo ndipo mambo yalipo. Hekalu lilijengwa na Somanatha, jemadari wa Mfalme Narasimha III wa ukoo wa Hoysala, likawekwa wakfu mwaka 1258. Jemadari huyo alianzisha kijiji chenyewe, akakipa jina lake, akawagawia Mabrahmin ardhi. Langoni limesimamishwa jiwe kubwa la maandishi lenye kuhifadhi habari zake. Hekalu lina vyumba vitakatifu 3, kimoja cha Keshava, kimoja cha Janardhana, na kimoja cha Venugopala apigaye filimbi. Na hao wote, kwa imani ya Wahindu, ni namna mbalimbali za mungu Vishnu. Kuzunguka ua wake kuna vijumba 64.

Jiwe walilolitumia lina tabia ya ajabu. Linapotoka machimboni huwa laini, hupokea tindo kama mti upokeavyo randa. Likikaa hewani huwa gumu. Mafundi wa pwani yetu waijua tabia ya namna hiyo katika matumbawe yakatwayo baharini. Kwa jiwe kama hilo fundi aweza kuchonga kidani shingoni mwa sanamu, ukahesabu shanga zake moja moja. Lakini upole wa jiwe haumsaidii mzembe: tindo ikiteleza, kazi ya siku nyingi imeharibika, wala hakuna gundi ya kuurudisha utukufu wake.

Tulivua viatu, tukapanda jukwaa la mawe linalofuata umbo la hekalu, lenye pembe nyingi mfano wa nyota. Desturi ni kuzunguka ukiwa na ukuta mkono wa kuume. Chini kabisa wapita tembo, safu nzima, wala hakuna wawili waliofanana. Juu yao wapanda farasi. Kisha majani yaliyosokotana. Kisha visa vya Ramayana na Mahabharata, ambavyo mtu asiyejua kusoma aliweza kuvifuata kwa miguu yake. Kisha wanyama wa majini wa hadithi. Na juu yao mabata maji. Mawe yalikuwa yamepata moto wa adhuhuri, nasi tulikwenda upesi kuliko tulivyopenda. Ndani mlikuwa baridi. Nguzo zake ni za mviringo, mithili ya miguu ya kitanda iliyokerezwa; na katika dari, kila sehemu imechongwa kwa namna yake, nyingine ikining'inia kama ua la mgomba.

Lakini jambo lililotusimamisha halikuwa tembo wala dari. Mlinzi mmoja mzee alituonyesha kwa fimbo yake herufi ndogo zilizochongwa chini ya sanamu moja ya ukutani. Maandishi ni ya Kikannada, lugha ya jimbo lile hata leo. Tulidhani ni jina la mungu. Mzee akatikisa kichwa, akasema: ni jina la fundi.

Fundi huyo aliitwa Mallitamma. Jina lake limo katika sanamu nyingi za hekalu hili, kuliko la mwenziwe yeyote, na karibu naye wametiwa wengine, kama Masanitamma, Chameya na Rameya. Wala haya si ya Somanathapura peke yake. Katika hekalu la Nuggehalli, lililojengwa mwaka 1246, Mallitamma alifanya kazi upande wa kaskazini, na fundi mwingine, Baichoja, upande wa kusini. Huko Belur, hekalu lililoanzishwa mwaka 1117, Dasoja wa mji wa Balligavi alitia jina lake, na mwanawe Chavana akatia lake. Baba na mwana walifanya kazi moja, na kila mmoja akasimama kwa kazi yake.

Ndugu msomaji, tuyapime maana yake mambo haya. Fundi hutia jina pale anapojua kwamba kazi yake itatambuliwa, na kwamba yuko tayari kuulizwa habari zake. Jina ni heshima, na jina ni dhamana. Akichonga vibaya, aibu ni yake; akichonga vyema, mji mwingine utamwita. Naye mwenye fedha, pamoja na ukuu wake, hakuona kwamba jina la fundi ukutani linapunguza jina lake lililoko langoni. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba ulikuwa ufalme wa usawa. Mali ya jemadari haikuota mfukoni mwake. Chanzo chake ni jasho la wakulima wa bonde lile. Waliolichimba jiwe, walioliburura, na wanawake waliowapikia, hawakuandikwa popote. Mafundi walijipatia mlango ulio mwembamba, nao wengine wakabaki nje. Twausifu mlango huo bila kusahau wembamba wake.

Siku za ukoo wa Hoysala zilikwisha katika karne ya 14. Sanamu ya Keshava iliyosimama leo katika chumba chake si ile ya asili, na baadhi ya sanamu za ukutani zina mikono na nyuso zilizovunjika. Ibada haifanywi tena. Idara ya mambo ya kale ya serikali ya India ndiyo iliyatunzayo mawe hayo. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliandika Somanathapura, pamoja na Belur na Halebidu, katika orodha ya urithi wa dunia. Jemadari hana jeshi, mfalme hana kiti, naye Mallitamma yungali na kazi yake mbele ya macho ya watu.

Nasi je? Katika miji yetu hakuna shule, zahanati wala daraja lisilokuwa na jiwe la msingi. Juu yake limo jina la mgeni rasmi, aliyeshika mwiko kwa dakika mbili akapigwa picha. Hatumwonei wivu. Lakini mwashi aliyeshika mwiko huo miezi minane, seremala aliyepandisha kenchi, na kibarua aliyebeba zege kichwani, majina yao hayamo ila katika daftari la malipo, nalo huliwa na mchwa. Basi tawi lijengalo ofisi na ushirika ujengao ghala waweza kuanza. Chini ya jina la mgeni lisimamishwe jiwe la pili, liandikwe majina ya waliojenga, na vibarua wasiachwe. Gharama yake ni jiwe moja na siku chache za mchongaji. Na mwashi akipita hapo uzeeni pamoja na mjukuu wake, atakuwa na kitu cha kumsomea.