Ahadi ya Ulaya ya Kulindana: Nani Atakayeitimiza?



Tuishio Ulaya tumezoea kusikia kwamba mwanachama mmoja wa jumuiya ya kujihami ya NATO akishambuliwa, wote watakwenda vitani. Maneno hayo ni sahihi nusu tu. Mkataba uliotiwa saini mjini Washington tarehe 4 Aprili 1949 unasema, katika kifungu cha 5, kwamba shambulio juu ya mmoja Ulaya au Amerika ya Kaskazini litahesabiwa kuwa ni shambulio juu ya wote. Lakini papo hapo unaongeza kwamba kila nchi itamsaidia aliyeshambuliwa kwa hatua itakayoiona kuwa ya lazima. Itakayoiona yenyewe! Anayepeleka vifaru na anayepeleka mablanketi na dawa, wote waweza kudai wametimiza ahadi. Maseneta wa Marekani ndio walioshikilia lugha hiyo, kwa kuwa hawakutaka uamuzi wa vita utoke mikononi mwa Bunge lao.

Basi yote yategemea nia ya wananchi. Mwaka 2020 taasisi ya Pew ilitangaza maoni ya watu wa nchi 16 za NATO, walioulizwa iwapo nchi yao imsaidie kwa jeshi mwanachama mwenzao akipigana na Urusi. Kwa kipimo cha kati, asilimia 50 walikataa na 38 walikubali. Lakini asilimia 60 waliamini kwamba Marekani ingekwenda. Yaani jirani alindwe, ila na mwana wa mtu mwingine. Na ajabu ni kwamba kifungu hicho kimewahi kutumiwa mara moja tu, mwaka 2001, kwa ajili ya Marekani yenyewe.

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi makubwa Februari 2022, hali ilibadilika. Finland, yenye mpaka na Urusi wa zaidi ya kilomita 1,300, iliingia NATO tarehe 4 Aprili 2023, na Sweden ikafuata tarehe 7 Machi 2024. Mjini The Hague, Juni 2025, wanachama waliahidi kufikia asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, ingawa Hispania ilisema haihitaji kufika huko.

Fedha zitatafutwa, askari je? Hapa ndipo habari inapobisha hodi majumbani mwetu. Uingereza iliacha kuwaita vijana jeshini mwaka 1960. Lakini Sweden ilirejesha utumishi wa lazima, nao wavulana na wasichana hujaza fomu ya maswali wanapofikia miaka 18. Denmark, wanaojitolea wasipotosha, hupiga kura, na tangu Julai 2025 wasichana nao wamo. Finland humwita kila raia wa kiume, kwa siku 165, 255 au 347.

Wazazi wengi walimwombea mwana uraia ili apite forodhani bila usumbufu. Sheria hizi haziulizi babu alizaliwa Lamu au Pemba, na kuwa na uraia wa nchi mbili peke yake hakumwondolei kijana wajibu. Fomu ikifika, isiwekwe kando pamoja na matangazo ya maduka. Isomwe na kijana pamoja na wazazi wake. Nchini Finland, ambaye dhamiri yake inamkataza kushika silaha anaruhusiwa kuomba utumishi wa kiraia, nao ni wa siku 347.