Kuvu za Magogo katika Misitu ya Milimani

Ugumu wa mti watokana na dutu iitwayo lignini, ambayo ni viumbe wachache mno wawezao kuivunja, na mahodari wao ni kuvu ziishizo ndani ya magogo na visiki. Ziko zinazokula lignini yenyewe, zikauacha ubao mweupe, mlaini, wenye nyuzinyuzi. Na ziko zipendeleazo selulosi, ambazo huuacha na rangi ya hudhurungi, umepasukapasuka, hata ukiuminya kwa vidole huwa unga. Kwa amali hiyo rutuba iliyofungika ndani ya mti kwa dahari hurejea udongoni, na mche mchanga ukapata riziki.

Kuzihesabu kuvu hizi ni kazi itakayo subira. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba zilizofichika ndani ya ubao. Tukionacho nje, mfano wa sikio au rafu, ni tunda tu, ambalo pengine halitoki mwaka mzima. Ndiyo sababu mtafiti huurudia msitu ule ule masika na vuli, akapima unene wa kila gogo, akaandika ni la mti gani na limeoza kiasi gani, kisha akakausha vielelezo na kuvitazama kwa hadubini, maana spishi zifananazo mno kwa macho aghalabu hutofautiana kwa umbo la spora. Siku hizi huweza pia kulitoboa gogo kwa keekee na kuchunguza vinasaba vilivyomo katika unga wake, azijue hata zisizozaa.

Kazi hiyo imekwisha anzwa Afrika Mashariki pia. Mwaka 1980 wataalamu wa kuvu Leif Ryvarden na Inger Johansen walichapisha kitabu juu ya kuvu za Afrika Mashariki zenye vitundu. Na mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, wakatoa kitabu cha uyoga wa Tanzania. Hizo ni hazina adhimu, walakini wataalamu hukadiria kuwa duniani zipo spishi za kuvu baina ya milioni 2.2 na milioni 3.8, ilhali zilizokwisha pewa majina ni takriban 150,000.

Na zisizojulikana bado zaweza kutoweka pamoja na magogo ziishimo. Kwa hilo simlaumu mama aokotaye vijiti vya kuni ukingoni mwa msitu wa milima ya Usambara au Uluguru, Tanzania. Linalonihuzunisha ni kupasuliwa mbao kwa magogo makuu yaliyolala, kwani gogo nene huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi na kuoza kwa miongo mingi, kuvu moja ikiitengenezea nyingine makao. Finland na Sweden, ambako uvunaji umeyapunguza mno magogo ya namna hiyo, spishi kadhaa zimo katika orodha za viumbe walio hatarini. Na huko hasara hiyo yajulikana kwa kuwa kuvu zilikuwa zimekwisha hesabiwa.